Gramu Mia Tatu

Mtoto wa bondeni alizikwa Jumatano. Ijumaa Sista Mizani alikwenda kazini kama siku zote. Alifua kaptula za kupimia, zile tatu za kitambaa cha bluu zenye mikanda ya kuning'inizia, akazianika nyuma ya kituo cha afya, kisha akazihesabu mara mbili ingawa zilikuwa tatu tu na hakuna mwizi anayezitaka. Alikuwa anangoja uchungu uje. Haukuja. Mikono ilikuwa inafanya kazi na yeye aliitazama tu, kama mtu anayetazama mikono ya jirani.

Jina la Sista Mizani alipewa na wanawake wa mtaa wa bondeni, kwa sababu alikuwa muuguzi wa jamii na kila Jumanne na Alhamisi aliingia nyumba kwa nyumba na mizani begani, ile ya duara yenye mshale na ndoano mbili. Aliitundika kwenye boriti ya mlango, akamvika mtoto kaptula, mtoto akaning'inia akipiga mateke hewani.

"Sista Mizani! Nipime na mimi, mume wangu anasema nimekuwa gunia!"

"Kaptula zangu hazina saizi ya gunia, shoga. Mwambie akubebe yeye, atajua kilo zako."

Miaka kumi na moja aliishi na mizaha hiyo. Akina mama wengi wa bondeni walikuwa vibarua, wakitoka alfajiri na kurudi jua limekwisha, na kituo kilifungwa saa tisa. Asiyeweza kuja kituoni, Sista alimfuata. Ndiyo ilikuwa kazi yake.

Kazi ya kituoni ilikuwa ya daktari wa familia. Watu walimwita Polepole, kwa mwendo wake na kwa maneno yake. Alizijua familia zote za pale, nani ana pumu, nani babu yake alikufa kwa presha, nani hasemi kweli akiulizwa kama amemeza dawa. Magoti yake hayakumruhusu kushuka bondeni, kwa hiyo macho yake kule chini yalikuwa Sista. Kila Ijumaa mchana walikaa meza moja. Yeye alisoma kutoka kwenye daftari lake, jina na uzito, jina na uzito, na daktari aliandika kwenye kadi na kuchora nukta kwenye mstari wa ukuaji. Kadi za bondeni zilikaa kabatini kituoni, maana nyumba za kule ziliingia maji kila mvua, na kadi iliyolowa haisomeki.

Walikuwa na sheria yao moja. Uzito ukishuka, hata kidogo, mtoto aitwe kituoni ndani ya siku tatu na daktari amsikilize mwenyewe kifua na moyo. Usipime tena wala usingoje mwezi ujao. Sheria hiyo ilikuwa imeokoa watoto, na wote wawili walijua ni wangapi.

"Nyinyi wawili," karani wa kituo alipenda kuwaambia, "mnaongea kwa nyusi kama mtu na mkewe wa miaka arobaini. Mmoja akikohoa mwenzie analeta maji."

Ijumaa hiyo karani hakutania. Alileta bahasha kutoka hospitali kubwa, akaiweka mezani kwa mikono miwili, akatoka.

Daktari alisoma kimya. Halafu akasoma kwa sauti, kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa wa wote wawili. Mtoto wa kiume, miezi minne. Moyo ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa. Homa ya mapafu juu yake. Alifika amedhoofika mno, akafa siku ya pili. Uzito alipopokelewa, kilo nne na gramu mia saba.

"Nne na mia saba," daktari alisema.

Alikwenda kabatini akatoa kadi. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Sista, hapa nina kilo tano na mia nane. Wiki tatu kabla. Mtoto hapotezi zaidi ya kilo nzima kwa wiki tatu hivi hivi. Ulimpima na nguo?"

"Na kaptula tu."

"Soma daftari."

Akafungua daftari. Kidole chake kilifika kwenye mstari.

"Tano na mia tano."

"Mia nane."

"Mia tano, daktari. Nimeandika mia tano na nilikusomea mia tano."

Daktari alivua miwani. 

"Mia tatu niliongeza mimi," alisema. "Mizani yako ni nyepesi. Mwaka huu baada ya mvua niliijaribu siku moja ulipokwenda chai, nikaitundikia mfuko wa kilo tano wa dawa ya kusafishia maji. Ikasoma nne na mia saba. Nikaona nisikuaibishe, mizani umeilea miaka yote hiyo, na nyingine hatuletewi. Nikawa naongeza mwenyewe ninapoandika."

Sista alisikia maneno hayo yakiingia moja moja, kila neno na mahali pake, na hakuna lililouma.

"Na mimi naongeza," alisema.

"Unaongeza nini?"

"Mia tatu. Baada ya mvua zile zile. Niliipima kwa paketi za unga nyumbani kwangu. Nikaona nikikuambia utasema muuguzi gani huyu hajui kutunza kifaa. Mshale ukisoma tano na mia mbili, mimi naandika tano na mia tano. Ukiisikia wewe, namba ni ya kweli tayari."

Miezi saba kila mmoja alikuwa amemfichia mwenzie aibu, na kwa heshima hiyo watoto wa bondeni walikuwa wamenenepa kwenye karatasi.

Kilo za mtoto huyu zilikuwa rahisi kufuata sasa. Alipotimiza miezi mitatu mama yake alimleta kituoni, siku moja tu kabla hajarudi kibaruani, akapimwa kwenye mizani ya mezani: kilo tano na mia sita. Mwezi uliofuata Sista alimpima nyumbani: tano na mia tano. Alikuwa ameshuka. Lakini Sista hakuwa na kadi bondeni aone mwezi uliopita, na daktari mwenye kadi aliandika mia nane akachora nukta juu. Mstari ukapanda. Sheria haikumgusa.

"Bibi alisema," Sista alisema.

"Bibi gani?"

"Bibi wa mtoto, mama wa baba yake. Ndiye anayebaki naye mchana. Nimeandika hapa pembeni, na nilikuuliza. 'Anatoka jasho kipajini akinyonya chupa, anachoka kabla ya nusu.' Ukatazama kadi, ukasema, anapanda, tumtazame mwezi ujao. Nikarudi kumwambia. Nikamwambia, bibi, punguza wasiwasi, mjukuu wako anapanda."

Akakumbuka hata kicheko chake alipokuwa anasema hivyo. Bibi alikuwa amekaa kizingitini na mtoto mapajani, akamfuta kipaji kwa upindo wa kanga, akasema, "Haya mwanangu, nyie ndio mmesoma." Hakubisha.

Daktari alitoa kadi zote za watoto wa bondeni wanaopimwa nyumbani. Zilikuwa thelathini na moja. Walikaa mpaka saa kumi, wakipunguza mia tatu kwa kila nukta ya nyumbani tangu mvua zile na kuchora upya, na walipomaliza kulikuwa na mistari minne iliyoinama. Karani alitumwa na majina hayo manne: waje kesho asubuhi, bila kukosa. Chai waliyoletewa ilibaki na utando juu.

"Hao wanne tumewawahi," daktari alisema akifunga kabati. "Mizani nitaazima kituo cha jirani. Tusahihishe, tukae kimya. Nisikilize kwanza, Sista. Bondeni miaka mingapi tumebembeleza watu walete watoto? Tukienda kusema tumekosea hesabu miezi saba, nani atakufungulia mlango Jumanne?"

Maneno yalikuwa na akili, na Sista aliyapima hivyo.

"Wanamfukuza bibi," alisema.

"Nani?"

"Mwanawe. Hospitali waliuliza, mtoto huyu alikuwa analishwa nini, mbona mmechelewa. Mkamwana akasema, mimi nakamua maziwa alfajiri naacha, anayelisha ni mama mkwe. Walipotoka makaburini, baba mtoto alimsimamisha mama yake bombani mbele za watu. Nilikuwepo. Akamwambia, 'Umemlisha mwanangu maji ya uji akafa, umri umekupita akili.' Kaka yake bibi anakuja kumchukua kesho saa sita."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilinyamaza. Nilidhani labda kweli alimpa uji."

Daktari alitazama magoti yake.

"Kuna ngazi ngapi mpaka bondeni?" akauliza mwisho.

"Hamsini na mbili."

Jumamosi wale watoto wanne walikuja. Watatu walikuwa na njaa tu na minyoo, na mmoja alikuwa na sikio linalotoa usaha. Daktari aliwasikiliza mioyo yote minne mara mbili. Sista aliwavua na kuwavika, akasema "haya baba, haya mama" kwa sauti yake ya kila siku. Mama mmoja alimwambia, "Sista leo umechoka," naye akasema ndiyo, na hakuwa amechoka. Alikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, unaujua upo kwa sababu unauona.

Saa tano walishuka. Daktari alikwenda kiupande, mkono mmoja ukutani, na kila baada ya ngazi kumi alisimama akijifanya anatazama mtaa. Watu walitoka milangoni kumwona. Polepole bondeni! Wengine hawakuwahi kumwona akiwa amesimama.

"Daktari, umepotea njia?"

"Leo nimeiona," alisema, na aliyemtania hakujua acheke au asicheke.

Bibi alikuwa amekaa nje ya nyumba kwenye ndoo iliyofunikwa, mzigo wake pembeni, umefungwa kwa kanga fundo mbili. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye mgongo ulionyooka. Alipowaona alisimama.

"Karibuni. Mimi si mwenyeji tena, lakini karibuni."

Ndani, baba mtoto alikuwa amekaa kitandani na mkewe amelala kwa upande, ameelekea ukutani. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka, alikuwa amejifunga kitambaa kifuani, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Kwenye kona ndoo ya nepi ilikuwa bado na nepi.

"Shikamoo, daktari," baba mtoto alisema. "Tulipata salamu zenu. Ahsanteni."

"Marahaba. Hatukuja kwa salamu," daktari alisema. "Mama yako aingie asikie."

"Mama anaondoka."

"Aingie."

Bibi aliingia akasimama mlangoni. Daktari alifungua mdomo, na Sista akaona kwamba ataanza na moyo, na tundu, na maneno marefu ya kidaktari, na kosa litakuja mwishoni limevikwa nguo. Akamtangulia.

"Baba, mwanao alishuka uzito mwezi uliopita na sisi tukaandika amepanda. Mizani yangu ni mbovu. Mimi nilijua nikarekebisha kimya kimya, daktari alijua akarekebisha kimya kimya, hatukuambiana. Tungeandika ukweli, angeitwa kituoni siku ile ile. Na mama yako aliniambia. Aliniambia mtoto anatoka jasho na anachoka kunyonya. Hiyo ndiyo dalili ya moyo mbovu, na yeye ndiye aliyeiona peke yake. Nikamwambia apunguze wasiwasi."

Mama wa mtoto aligeuka kutoka ukutani.

"Moyo?" alisema.

Daktari ndipo akaeleza, taratibu, na barua mkononi. Tundu la tangu tumboni. Si uji, si maji, si chupa. Wangewapasulia maneno hayo hospitali ingekuwa heri, lakini huko walikuwa wameuliza tu na wakaondoka kwenda kitanda kingine.

"Kwa hiyo mngemwita, angepona?" baba mtoto aliuliza.

"Sijui."

"Wewe ni daktari."

"Ningemsikiliza moyo. Ningemtuma hospitali kubwa akiwa bado na nguvu, kabla ya mapafu. Wapo wanaopona hivyo, wapo wasiopona. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa naongopa, na uongo wetu umekutosha."

Baba mtoto alisimama. Alikuwa kijana mrefu, na kichwa chake kilikaribia bati. Sista alifikiri atampiga daktari, na akajiona hasogei. Angempiga na yeye, sawa.

Hakumpiga mtu. Alimtazama mama yake, akatazama chini. Sauti yake ilitoka ikiwa ya ukali, kwa sababu hakuwa na nyingine.

"Mimi nilimtukana bombani," alimwambia daktari. "Watu wote walisikia. Nyinyi mnakuja kusema hapa ndani, chini ya bati, watu watano. Nani atajua? Akienda kwa kaka yake atakwenda na jina gani? Tokeni mkaseme pale pale."

"Mwanangu," bibi alisema.

"Hapana, mama. Wakaseme. Na mimi niwe nimesimama."

Daktari alimtazama Sista, na kwa nyusi tu akauliza. Kwa miaka kumi na moja Sista alikuwa akijibu kwa nyusi.

"Tutakwenda," alisema kwa mdomo. "Useme wewe daktari, mimi nimeshasema."

Bomba lilikuwa hatua thelathini. Ilikuwa karibu saa sita na ndoo zilikuwa zimepangwa foleni, wanawake wakigombania nani alifika kwanza.

"Mwenzangu, ndoo yangu ilikuwa hapa tangu jana!"

"Tangu jana wewe ulikuwa wapi, ulilala ndani yake?"

Walipomwona daktari wakanyamaza mmoja mmoja. Mtu akafunga bomba. Yule aliyezoea kuomba apimwe kama gunia alishika kiuno, tayari kwa mzaha, akaona uso wa Sista, akakishusha kiganja.

Polepole alisema kwa sauti yake ya polepole, na kwa mara ya kwanza ilifaa. Alisema uzito, alisema mia tatu na mia tatu nyingine, alisema nani aliandika. Alisema bibi aliona kabla ya daktari na muuguzi, na hawakumsikiliza. Alisema watoto wote wa bondeni watapimwa upya Jumanne kwa mizani nyingine, na kuanzia sasa kila mama atakaa na kadi ya mwanawe kwenye mfuko wa nailoni, ili aone mwenyewe kinachoandikwa.

"Kwa hiyo wangu naye mlimnenepesha?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Ndiyo, mama. Wote."

"Eti wote!" Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Na sisi tunawaamkia!"

"Mimi sirudishi mtoto wangu kwenye hiyo kaptula," mwingine alisema.

"Urudishe, urudishe," akajibu mwanamke mzee kutoka nyuma ya foleni. "Wangapi wamekosa wakaja kusema? Mume wako amewahi?"

Wachache walicheka. Wengi hawakucheka. Yule wa kaptula alichukua ndoo yake tupu akaondoka, na Sista akajua kwamba mlango ule Jumanne utafungwa, na labda mingine mitano. Alilijua jambo hilo kama anavyojua namba ya nyumba.

Baba mtoto alikuwa amesimama mbele ya mama yake, na watu wote wakimwona. Hakupiga magoti. Alisema, "Mama, nilisema hapa. Narudisha hapa." Halafu akakaa juu ya ukingo wa saruji wa bomba, palipolowa, kama mtu aliyekatwa.

Mkamwana alikuwa amewafuata mpaka hapo, kanga kichwani, kitambaa kikivuja kifuani. Hakumsogelea mkwe wake wala hakumtazama. Labda jambo hilo lingechukua mwaka, labda lisingetokea kabisa. Sista aliomba moyoni, maneno yale yale anayoomba kila asubuhi, na yakapita ndani yake bila kugusa kuta. Akaona ayaache yapite. Mungu hangojei mtu asikie utamu wa sala ndipo aipokee.

Daktari alikuwa bado amesimama juani. Mguu mmoja ulikuwa umeanza kumtetemeka, akaushika kwa mkono juu ya goti, na hakuna aliyejua kama ameruhusiwa kuondoka.

Bibi alimtazama mguu. Akamtazama muda, kama alivyokuwa akimtazama mjukuu.

"Mkamwana," alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza nyumbani kwake. "Daktari haendi popote na goti hilo. Nenda ukatoe kiti."

Watu wote waligeuka kumtazama mkamwana. Alisimama pale pale kwa muda, akikaza upindo wa kanga chini ya kidevu.

"Kile cha mgongo au stuli, mama?" akauliza.

"Cha mgongo," bibi alisema.

Akaenda kukitoa.